Tuta, Handaki na Mahame

Wanaakiolojia wana istilahi moja ya Kiingereza, earthworks, kwa kila kilichojengwa na watu wa kale kwa kuchimba ardhi na kuilundika: mahandaki, kingo, vilima vya kutengenezwa. Mfasiri mwenye haraka huandika "kazi za udongo". Basi Mmwani, msemaji wa Kimwani, wa Quiterajo huko Cabo Delgado, Msumbiji, akisoma hivyo atafikiria mitungi, au fundi anayekandika ukuta.

Napendekeza "matuta na mahandaki ya kale". Ni refu, lakini halidanganyi: udongo uliotoka shimoni ndio uliopanda tutani, kwa hiyo viwili hivyo ni kitu kimoja. Mfano mzuri upo Uganda, kusini mwa mto Katonga: Bigo bya Mugenyi, yaani ngome za mgeni. Mahandaki yake yanazidi kilomita 10, na mahali pengine yamekatwa hadi kwenye mwamba. Masimulizi yanawataja Bachwezi, watawala wa kale, kuwa wajenzi wake. Mwanaakiolojia Merrick Posnansky alichimba pale mwaka 1960. Iwe mahandaki hayo yalizuia adui au ng'ombe (wataalamu hawajaafikiana), mitaro mirefu hivyo haichimbwi na ukoo mmoja. Palikuwa na mtu wa kuita watu kazini, wakaitika.

Kwetu pwani ya Cabo Delgado mambo ni mengine. Nyumba ya miti na udongo ikiachwa, makuti huanguka, mvua hushusha ukuta, kinabaki kijituta ambacho mpita njia hakioni. Nguzo nayo ikioza huacha duara la udongo mweusi ardhini. Si jambo dogo hilo: huko Shanga, kisiwani Pate, Kenya, mwanaakiolojia Mark Horton alikuta alama za nguzo za msikiti wa miti chini ya msikiti wa mawe.

Kijituta cha nyumba iliyoanguka hakuna aliyekusudia kukijenga, kwa hiyo kisiitwe tuta la kale. Kiswahili kina neno lake, mahame, au tongo, kama katika jina la Tongoni, kusini mwa Tanga. Tuta husimulia amri. Mahame husimulia maisha, na mwisho wake.

"Handaki" linanuka vita, najua, na watu wa Quiterajo hawahitaji kukumbushwa: mwaka 2020 vita viliwafikia wakakimbia, nyumba zikabaki tupu. Hata hivyo sijapata neno bora. Kama Kimwani cha nyumbani kwenu kina jina la kijituta kinachobaki nyumba ikianguka, tuletee.