James Carr

James Carr (13 Juni 1942 – 7 Januari 2001) alikuwa mwimbaji wa soul kutoka Memphis, jimbo la Tennessee, Marekani. Sehemu kubwa ya kazi zake alirekodi kati ya 1964 na 1969 chini ya kampuni ndogo ya Goldwax. Anajulikana zaidi kwa wimbo "The Dark End of the Street", ambao yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuurekodi. Katika uhai wake hakuwahi kuingiza wimbo hata mmoja kwenye 60 bora za chati kuu ya Billboard, na jina alilonalo sasa limetokana zaidi na santuri zake kutolewa upya Japani, Marekani na hasa Uingereza. Wapenzi wa soul ya Kusini humweka bega kwa bega na Otis Redding, na anayezisikiliza rekodi zake za 1966 na 1967 hapati sababu ya kuwabishia.

Maisha ya awali

Carr alizaliwa wilaya ya Coahoma, Mississippi, eneo la mashamba ya pamba. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kibaptisti. Familia ilihamia Memphis angali mtoto mdogo; huko aliimba kanisani, kisha katika vikundi vya injili, kikiwamo Harmony Echoes.

Goldwax

Aliyemtoa Carr kwenye injili na kumpeleka studio ni Roosevelt Jamison, mtunzi wa nyimbo aliyekuwa akifanya kazi katika benki ya damu mjini Memphis, ambako waimbaji wa injili walikuwa wakifanyia mazoezi chumba cha nyuma. Jamison alikuwa akiwalea waimbaji wawili kwa pamoja: Carr na O.V. Wright. Mwaka 1964 watatu hao walimgongea mlango Quinton Claunch usiku wa manane, wamebeba kinasa sauti, wakaketi sebuleni kwake na kumsikilizisha kanda. Claunch hakuhitaji kushawishiwa sana.

Claunch alikuwa Mzungu wa Mississippi, mpiga gitaa wa zamani wa muziki wa country, na alikuwa miongoni mwa walioanzisha Hi Records kabla ya kujitoa. Goldwax aliianzisha na Rudolph Russell, mfamasia aliyejulikana kwa jina la "Doc". Kampuni haikuwa na studio yake wala bendi ya kudumu, tofauti na Stax, kampuni nyingine ya soul ya Memphis. Ilirekodi pale nafasi ilipopatikana, na usambazaji ukafanywa na Bell Records ya New York. Kwa mpangilio huo wimbo uliweza kufika redio za nchi nzima, lakini msukumo wa kuubakiza hewani ulitegemea watu waliokuwa mbali na Memphis, wenye nyimbo nyingine nyingi za kuhangaikia.

Matumaini ya mwanzo yaliwekwa kwa Wright, aliyerekodi utunzi wa Jamison "That's How Strong My Love Is". Otis Redding naye akaurekodi wimbo huohuo, ukamezwa na toleo lake. Halafu Don Robey, mwenye kampuni ya rekodi mjini Houston, akadai kwamba Wright alikuwa bado amefungwa na mkataba wake wa siku za injili, akamchukua. Goldwax ikabaki na Carr. Waimbaji wengine wa kampuni hiyo walikuwa Spencer Wiggins, Percy Milem na kikundi cha The Ovations.

Singo za kwanza za Carr, kuanzia "The Word Is Out (You Don't Want Me)", hazikufika popote. Mambo yalibadilika 1966 kwa "You've Got My Mind Messed Up", utunzi wa O.B. McClinton, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa Waafrika-Wamarekani wachache waliofanikiwa katika country. Wimbo ulifika namba 7 kwenye chati ya R&B na 63 kwenye chati kuu. Carr anaanza kwa utulivu, sauti nzito ya kifuani, kila neno mahali pake. Kadiri wimbo unavyosonga anaanza kuyavuta maneno, kisha kuyarudia, na mwishoni anapiga kelele za mtu aliyeishiwa hoja na kubaki na maombi tu. Njia hiyo ni ya mhubiri wa Kibaptisti, na Carr hakuwa na haja ya kufundishwa.

Zilifuata "Love Attack" na "Pouring Water on a Drowning Man", zote za 1966, ambazo zilifanya vizuri kiasi kwenye R&B na kugusa tu mkia wa 100 bora. Albamu ya kwanza, You Got My Mind Messed Up, ilikusanya nyimbo hizi, na ni miongoni mwa albamu chache za soul za wakati ule ambazo hazina nyimbo za kujazia nafasi. Ya pili, A Man Needs a Woman, ilitoka 1968; wimbo uliobeba jina lake ulifika namba 16 kwenye R&B. Haina uzito wa ile ya kwanza, ingawa humo mna "Life Turned Her That Way", wimbo wa country wa Harlan Howard ambao Carr anauimba kana kwamba uliandikwa kwa ajili ya kanisa lake.

"Freedom Train", uliotoka miezi kadhaa baada ya Martin Luther King kuuawa mjini Memphis Aprili 1968, ni wimbo wake unaojulikana zaidi kati ya chache zenye sauti ya siasa.

"The Dark End of the Street"

Wimbo huu ulitungwa na Dan Penn na Chips Moman mjini Nashville, kiangazi cha 1966, wakati wa mkutano wa watangazaji wa redio. Wawili hao walikuwa wakicheza karata, wakatoka katikati ya mchezo kwenda kuandika. Nia yao, kwa maelezo ya Penn, ilikuwa kutunga wimbo bora kuliko zote zinazohusu mapenzi ya wizi. Kwa kuwa hawakuwa na mahali patulivu, walimwomba Claunch chumba chake cha hoteli. Claunch alisimulia kwamba alikubali kwa sharti moja: wimbo watakaouandika apewe James Carr. Inasemekana uliwachukua nusu saa hivi, na ahadi wakaitimiza.

Ulirekodiwa Memphis, katika Royal Studios ya Hi, kwa sababu mitambo ya American, studio ya Moman, ilikuwa na hitilafu. Mpangilio wake ni mwembamba kama uzi: gitaa linalotetemeka, mdundo wa polepole, waitikiaji kwa mbali. Hapa Carr hapigi kelele hata mara moja. Wanaozungumza ni wapenzi wawili wanaojua wanakosea na wanajua watafumaniwa, naye anaimba kwa sauti ya chini ya mtu asiyetaka majirani wamsikie. Urefu wake hauzidi dakika tatu. Mwaka 1967 ulifika namba 10 kwenye R&B na 77 kwenye chati kuu, jambo ambalo leo linasomeka kama kosa la uchapaji.

Ugonjwa na miaka ya ukimya

Carr aliishi na ugonjwa wa akili wa hali ya kupanda na kushuka kwa hisia, na safari za maonyesho zilimzidishia. Kufikia 1969 kufanya naye kazi studio kulikuwa kumekuwa kugumu. Inasimuliwa kwamba katika kikao kimoja cha mwisho huko Muscle Shoals, Alabama, alikaa mbele ya maikrofoni kwa saa nyingi bila kuimba, na ulipatikana wimbo mmoja tu, "To Love Somebody" wa Bee Gees. Mwaka huohuo Goldwax ilifungwa. Mwaka 1971 ikatoka singo moja Atlantic, na 1977 nyingine aliyofanya na Jamison kwa kampuni ndogo ya Memphis.

Mwaka 1979 alialikwa Japani. Onyesho la Tokyo lilikatika baada ya yeye kuganda jukwaani. Alikuwa amemeza dawa zake za mfadhaiko kupita kipimo. Baada ya hapo alirudi Memphis kuishi na ndugu zake. Waandishi wengi wamelipamba tukio hili kuliko nyimbo zake, na hiyo ni hasara.

Matoleo mapya

Wajapani ndio waliotangulia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Vivid Sound ilitoa santuri ya nyimbo za Goldwax iliyoitwa Freedom Train, wakati Marekani kwenyewe rekodi za Carr zilikuwa zikipatikana tu kwenye maduka ya mitumba. Mwaka 1986 kitabu cha Peter Guralnick, Sweet Soul Music, kilimtaja Carr kwa kirefu, na mwaka uliofuata kampuni ya Blue Side ikatoa mkusanyo At the Dark End of the Street. Kwa wasikilizaji wengi wa Marekani hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuishika santuri yake mkononi.

Kufufuka huko kulimrudisha Carr studio. Jina la Goldwax lilihuishwa, na 1991 ikatoka Take Me to the Limit, Claunch akiwa mtayarishaji tena. Miaka michache baadaye ikafuata Soul Survivor. Sauti imekwaruzika na kinanda cha kielektroniki kimeshika nafasi ya matarumbeta. Ni albamu za kusikiliza baada ya kumaliza zile za awali, si kabla.

Kazi kubwa ilifanywa na Ace Records ya London kupitia lebo yake ya Kent. Mwaka 2001, mwaka aliofariki Carr, walitoa The Complete Goldwax Singles: singo 14, pande zote mbili, nyimbo 28 kwa mpangilio zilivyotoka. Mkusanyo huu unapendekezwa kwa anayeanza, kwa sababu unaonyesha upande wa pili wa santuri ambao redio hazikuupiga. Humo mna "That's What I Want to Know", uliokuwa mgongoni mwa "You've Got My Mind Messed Up" na ambao wacheza dansi wa soul kaskazini mwa Uingereza waliupenda. Albamu mbili za Goldwax zilirudishwa sokoni 2002 na 2003, kila moja ikiongezewa nyimbo. Mwaka 2004 My Soul Is Satisfied: The Rest of James Carr ilikusanya yaliyosalia.

Kifo

Alifariki kwa saratani ya mapafu katika nyumba ya kulelea wagonjwa mjini Memphis, akiwa na umri wa miaka 58.

Nyimbo zake kwa waimbaji wengine

"The Dark End of the Street" umeimbwa na Percy Sledge, Dolly Parton pamoja na Porter Wagoner, The Flying Burrito Brothers (1969), Aretha Franklin (1970) na Linda Ronstadt (1974). Clarence Carter aliugeuza kuwa mahubiri marefu yenye utani. Ry Cooder aliupiga kwa gitaa bila maneno. Filamu The Commitments ya 1991 iliufikisha kwa kizazi ambacho hakikuwahi kuisikia Goldwax. Dan Penn, aliyesikia matoleo yote hayo, amerudia kusema kwamba la Carr ndilo bora. "Pouring Water on a Drowning Man" uliimbwa na Otis Clay, na baadaye Elvis Costello.