Melvinia, mtoto aliyerithishwa pamoja na ng'ombe

Mwaka 1850, mzee mmoja mwenye shamba huko Spartanburg, South Carolina, David Patterson, aliandika wosia. Aligawa ng'ombe, miundu, magurudumu ya kusokotea nyuzi na vitambaa vya meza. Humo humo akamgawa Melvinia, mtoto mtumwa wa miaka sita hivi. Patterson alipofariki, mali ikathaminiwa, na Melvinia akaandikiwa bei: dola 475.

Mtoto huyo ndiye chimbuko la upande mmoja wa ukoo wa Michelle Obama. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaujua vizuri upande wa mumewe, wale wa K'Ogelo, Siaya, ambako wazee hutaja babu baada ya babu bila kufungua daftari. Kwa Wamarekani Weusi wa mashamba ya Kusini, kumtafuta bibi wa namna hiyo ni kazi nyingine kabisa. Sensa za 1850 na 1860 ziliwahesabu watumwa chini ya jina la bwana: umri, jinsia na rangi, na karibu kote bila majina yao. Jina la mtu mweusi aliyekuwa mtumwa huanza kuonekana katika sensa ya 1870, miaka mitano baada ya utumwa kukomeshwa. Anayetaka kurudi nyuma zaidi hana budi kupekua makaratasi ya waliommiliki babu yake: wosia, orodha za mirathi, hati za mauzo. Huko ndiko mtafiti wa nasaba Megan Smolenyak na gazeti la New York Times walikompata Melvinia, na habari zake zikachapishwa Oktoba 2009.

Baada ya Patterson kufa, mtoto huyo alipelekwa Georgia, kwa binti wa marehemu, Christianne, na mumewe Henry Shields. Shamba lao lilikuwa katika kaunti ya Clayton, karibu na Atlanta, na lililimwa ngano, mahindi, viazi vitamu na pamba. Mnamo 1859, akiwa kijana wa miaka kama 15, Melvinia alimzaa Dolphus. Baba alikuwa mzungu. Vipimo vya vinasaba vilivyofanywa baadaye vilielekeza kwa Charles Shields, mtoto wa bwana. Sensa ya 1870 iliwaandika watoto watatu kati ya wanne wa Melvinia kuwa machotara. Makaratasi hayasemi zaidi ya hapo, lakini msichana aliyemilikiwa hakuwa na nafasi ya kukubali wala kukataa, na anayesimulia kisa hiki asilifunike hilo kwa maneno laini.

Kinachonigusa zaidi ni alichofanya Melvinia alipokuwa huru. Kwanza alibaki kijijini kule kule akifanya vibarua vya shamba. Kisha akahamia kaunti ya Bartow, kaskazini-magharibi mwa Georgia, na huko akawa jirani wa Mariah na Bolus Easley, watu aliokua nao kwa Patterson, South Carolina. Mirathi ya bwana ilikuwa imewatawanya kama mali nyingine, nao wakaonana tena wakiwa watu wazima walio huru. Dolphus akamwoa Alice, binti wa akina Easley. Waliotenganishwa na wosia wa mtu mwingine wakawa wakwe.

Dolphus alihamia Birmingham, Alabama, akawa fundi seremala mwenye karakana yake ya useremala na kunoa zana. Alishiriki kuanzisha makanisa mawili ya Kibatisti na kusimamia shule zao za Jumapili. Alifariki 1950, akiwa na miaka 91. Mwanawe alikuwa Robert Lee. Robert Lee akamzaa Purnell, aliyehamia Chicago kama walivyofanya Weusi wengi wa Kusini. Purnell akamzaa Marian, mama yake Michelle. Hivyo Michelle ni kilembwekeza cha Melvinia.

Melvinia alifariki 1938. Kwenye cheti cha kifo, mahali pa majina ya wazazi wake, jamaa aliyetoa maelezo alijibu kwamba hajui. Marian, kilembwe chake, alikuwa amezaliwa Chicago mwaka mmoja kabla. Mwaka 2009 Marian alihamia Ikulu ya Marekani kuwalea wajukuu zake wawili.