Hoteli ya San Remo na Karatasi Moja

Sogeeni karibu na redio, na mwenye kalamu aishike. Leo tunakwenda mbali, mpaka mji wa San Francisco, Marekani.

Mwezi wa Aprili 1906 mji huo ulipigwa na tetemeko la ardhi, kisha moto ukateketeza sehemu kubwa yake. Watu wengi mno walikosa pa kulala. Desemba mwaka ule ule ikafunguliwa hoteli ya ghorofa tatu, yenye vyumba 62. Humo walikaa vibarua, wageni waliohamia kutoka nchi nyingine, na watu waliopoteza nyumba zao. Mwaka 1922 ikaitwa San Remo. Baadaye ikachakaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu wawili waliinunua, wakaitengeneza, wakaanza kupokea watalii.

Lakini mji nao ulikuwa na shida yake. Wazee na maskini walikosa vyumba vya bei nafuu, kwa sababu vyumba vya wapangaji vilikuwa vikigeuzwa kuwa vya watalii. Hiyo si shida ndogo. Mwaka 1979 mji ulikataza jambo hilo kwa muda, na mwaka 1981 ukatunga sheria. Kila hoteli iliagizwa kueleza: tarehe 23 Septemba 1979, vyumba vingapi vilikuwa vya wapangaji, na vingapi vya watalii?

Sasa sikilizeni vizuri. Siku hizo hoteli ilikuwa mikononi mwa mtu aliyeikodi. Yeye ndiye aliyejaza karatasi. Kwa kosa, akaandika kwamba vyumba vyote ni vya wapangaji! Mji ukaandika hivyo katika daftari lake.

Mwaka 1990 wenye hoteli waliomba ruhusa ya kupokea watalii. Mwaka 1993 wakajibiwa: ruhusa mtapata, lakini wapangaji waliomo wapewe haki ya kukaa maisha yao yote, nanyi mlipe dola 567,000 kwa ajili ya makao ya maskini. Wakasema, huku ni kuchukuliwa mali bila fidia. Fidia ni malipo anayopewa mtu serikali inapotwaa mali yake. Katiba ya Marekani inaamuru ilipwe.

Wakaenda mahakama ya serikali kuu. Wakaambiwa waanze katika mahakama za jimbo lao, California. Huko walishindwa mwaka 2002, majaji 4 kwa 3. Wakarudi serikali kuu. Tarehe 20 Juni 2005 mahakama kubwa kuliko zote, majaji wote 9, ikasema: jambo hili limekwisha kuamuliwa kule, halifunguliwi tena hapa. Hebu fikirini! Mtu anatumwa mlango wa pili, akirudi anakuta wa kwanza umefungwa.

Mwaka 2019, katika kesi ya mtu mwingine, mahakama hiyo hiyo iliifuta kanuni ya kuanzia kwenye jimbo, majaji 5 kwa 4. Kwa San Remo ilikuwa imechelewa miaka 14.

Haya, andikeni neno *fidia* mara tatu. Kisha zungumzeni darasani: makao ya maskini yalipiwe na mji mzima, au na mwenye hoteli?