Nani Yuko Ndani?

Ukipita Endebess ukielekea lango la Chorlim, unaingia Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon. Humo kuna pango la Kitum, linalochimba mlima kwa karibu mita 200. Wengi wetu tunalijua kwa stori mbili: ndovu wanaoingia usiku kutafuta chumvi ukutani, na virusi vya Marburg, vilivyowaua wageni wawili waliokuwa wamelitembelea, mmoja 1980, mwingine 1987.

Stori ya zamani zaidi ni kwamba mapango ya Elgon yalikuwa nyumba. Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland, alipofika mwaka 1883 alikuta watu wakiishi humo na ng'ombe wao, mlango umezibwa kwa miti ili adui asipenye. Pango lilikuwa mahali pa kukimbilia.

Sasa hebu geuza hiyo picha. Pango la mlango mpana kama Kitum hukuachia njia ya kutoka. Mapango ya mawe ya chokaa ni kitu kingine. Njia yake hupanda na kushuka, na mvua ikinyesha juu mlimani, sehemu za chini hujaa kwanza. Uliye ndani unaweza kuwa umekaa pakavu kabisa, lakini kati yako na mlango kuna ukuta wa maji.

Hayo ndiyo yaliyowapata vijana 12 na kocha wao katika pango la Tham Luang, Thailand, tarehe 23 Juni 2018. Walipatikana hai baada ya siku tisa, na hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza. Baharini, mpiga mbizi akipata shida anaweza kujaribu kupanda juu. Pangoni, juu ni mwamba. Maji ni tope, tochi haisaidii, na mkondo unakusukuma nyuma. Saman Kunan, aliyekuwa mwanajeshi wa majini, alikufa akirudi kutoka kupeleka mitungi ya hewa. Mwishowe vijana walidungwa dawa za kuwalaza, wakavalishwa barakoa na kubebwa chini ya maji kama mizigo, ili hofu isiwaue njiani. Wote 13 walitoka.

Na huku kwetu? Huku wengi wanaoingia chini ya ardhi hawaendi kutalii. Wanatafuta unga. Machi 2008, mvua kubwa ilijaza machimbo ya tanzanite ya Mererani, kaskazini mwa Tanzania, na makumi ya wachimbaji wakafa. Mwaka 1998 mafuriko yalikuwa yameua wengine palepale. Chini ya ardhi mashimo yale hukutana, na wachimbaji wana neno lao: mtobozano. Siku ya kawaida mtobozano huleta ugomvi wa nani anamiliki jiwe. Siku ya mvua, maji yakiingia shimo moja yanaweza kumfuata mtu wa shimo la jirani.

Waokoaji walikwama kwenye swali ambalo Tham Luang lilijibiwa mapema: nani yuko ndani? Kule Thailand baiskeli zilikuwa mlangoni na wazazi walijua majina. Mererani, idadi yenyewe ilibishaniwa kwa siku kadhaa.

Usiseme waliofukiwa huwa wameshakufa tu. Mwaka 2015, mgodi wa Nyangarata, Kahama, uliporomoka, na wachimbaji watano wakatolewa hai baada ya siku 41. Walikuwa wamekula mende na vyura.

Wala tusijidanganye kuhusu vifaa. Gari lilipoteleza kutoka feri ya Likoni tarehe 29 Septemba 2019, likiwa na mama na bintiye, lilitolewa majini siku ya 13. Huo ni mlango wa bahari, wenye jeshi la majini karibu. Fikiria shimo la dhahabu huko Pokot Magharibi au Kakamega, usiku, mvua ikinyesha, na pampu iko mji mwingine.

Wapiga mbizi wa mapangoni ni wachache duniani, hatutawapata kesho. Lakini daftari la majina mlangoni, mtaro wa kugeuza maji, na mtu wa juu mwenye mamlaka ya kusema "leo hakuna kushuka" havihitaji ndege kutoka ng'ambo. Wenye mapango ya Elgon walijua nani amelala ndani kabla ya kuziba mlango. Mwenye shimo la leo naye anaweza kuhesabu watu wake.