Nauli Iliyolala Drooni

Nyumbani kwetu Golf, hapa Lubumbashi, meza ya karibu na mlango ina droo ya vitu visivyo na mahali pengine: funguo za kufuli zilizokwisha kutupwa, betri, picha za pasipoti zilizobaki baada ya kuomba viza. Humo pia mna kadi za usafiri. Moja ni ya Dubai, moja ya London, moja ya treni ya Gautrain ya Johannesburg, moja ya mabasi ya Kigali. Anayesafiri huifungua droo usiku wa kuamkia safari na kuchagua inayomfaa. Zamu yangu ilipofika, mama mdogo ndiye aliyenichagulia.

“Kamata hii karte,” akasema. “Falanga iko mundani kidogo.”

Kadi hiyo ilikuwa imelala miaka miwili. Niliruka kutoka uwanja wa Luano kupitia Addis Ababa, nikafika Dubai, nikaiweka juu ya mashine kwenye kituo cha metro cha Union, kule Deira, wanakofikia wafanyabiashara wengi wa kutoka kwetu. Kioo kikaonyesha dirham 11. Mama mdogo alikuwa ameacha dirham 11, na dirham 11 zilikuwa bado zipo. Nilisimama pale nikizitazama hadi mtu wa nyuma yangu akakohoa.

Ili msomaji aelewe kilichonishangaza, inabidi turudi kwanza kwenye fedha za Katanga.

Karne nyingi kabla ya Wabelgiji, watu wa huku walikuwa wakisubu shaba kwa umbo la msalaba na kuitumia kama fedha na kama mahari. Msalaba huo haukusahaulika. Katanga ilipojitenga chini ya Moïse Tshombe, misalaba mitatu iliwekwa kwenye bendera, na mwaka 1961 zikatolewa sarafu za franka 1 na 5 zenye msalaba upande mmoja na mkungu wa ndizi upande wa pili. Leo zinauzwa kwa wakusanyaji. Baada ya Katanga kurudishwa Kongo, mwaka 1967 Mobutu alileta zaire, iliyogawanywa katika makuta 100, na siku ilipozaliwa zaire moja ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani. Wazee bado wanausimulia wakati huo kama watu wanaosimulia mvua za utotoni.

Kisha fedha ikaanza kuyeyuka. Mwaka 1993 ilikuja zaire mpya, na moja yake ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja franka ya sasa, na franka 1 ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Zidisha mwenyewe: franka moja ni zaire bilioni 300 za yule mzee aliyeweka akiba yake chini ya godoro miaka ya sabini. Franka hiyo haikupata hata sarafu mkononi. Santimu zake zilichapwa kwenye karatasi, nazo zikapotea upesi. Mtoto wa Lubumbashi anaweza kufika umri wa kuoa bila kusikia vyuma vikilia mfukoni.

Kwa hiyo mtu wa kwetu hujifunza mapema kwamba fedha iliyolala ni fedha inayokufa. Kodi ya nyumba Golf inahesabiwa kwa dola. Dola yenyewe inakaguliwa pembe kwa pembe, na ikiwa na mpasuko mdogo kama ukucha, inarudishwa. Hata M-Pesa ilipofika Kongo mwaka 2012, mteja alipewa nafasi ya kuweka franka na ya kuweka dola, kila moja kwa upande wake. Sasa mwambie mtu wa namna hiyo alipe leo safari ya mwezi ujao, na thamani yake aiache ndani ya kipande cha plastiki.

Ndivyo Hong Kong ilivyowaambia watu wake. Reli ya chini ya ardhi ya kule ilikuwa na tiketi ya sumaku yenye akiba tangu 1984, lakini mabasi na vivuko bado vilimeza sarafu, na abiria alitakiwa awe na kiasi kamili mkononi. Mwaka 1994 kampuni tano za reli, mabasi na vivuko zilianzisha kampuni moja ya pamoja ya kutengeneza kadi itakayopita kote. Ilitoka tarehe 1 Septemba 1997, miezi miwili tu baada ya Uingereza kuirudisha Hong Kong kwa China, ikaitwa Octopus, yaani pweza. Katika miezi mitatu ya kwanza zilitolewa kadi milioni 3. Seoul ilikuwa imetangulia mwaka mmoja na kadi ya mabasi, ila pweza ndiye aliyekwenda mbali zaidi ya usafiri: akaanza kulipia magazeti, mkate na maegesho ya gari.

Tukumbuke kwamba dola ya Hong Kong ilikuwa imefungwa kwenye dola ya Marekani tangu 1983, kwa kiwango cha 7.80. Dirham ya Dubai nayo imefungwa tangu 1997, kwa 3.6725. Sidhani ni bahati tu kwamba kadi hizi zilistawi mahali ambapo fedha haigeuki usiku. Zile dirham 11 za mama mdogo zilikuwa dola tatu alipoziacha, na zilikuwa dola tatu nilipozikuta.

Ndani ya kadi hakuna betri. Kuna kipande kidogo cha silikoni, na kuizunguka kadi ukingoni kuna waya mwembamba uliokunjwa mara kadhaa, mara nyingi wa shaba. Mashine ya langoni hutoa uga wa sumaku, uga huo huamsha umeme ndani ya waya, silikoni inaamka, inasema ina kiasi gani, inakatwa, inalala tena. Yote hayo huchukua chini ya nusu sekunde, kwa umbali wa sentimita chache. Kwa kadi nyingi za kizazi hicho salio limeandikwa ndani ya kadi yenyewe, kwa hiyo lango halihitaji kuuliza makao makuu kila abiria anapopita. Kama shaba ile ilichimbwa kwetu au Chile, kadi haisemi.

London ilifuata mwaka 2003 na Oyster, yaani chaza. Pweza, chaza: mtu wa Mombasa angedhani ni orodha ya chakula. Tangu Julai 2014 mabasi ya London hayapokei tena fedha taslimu, na mwezi Septemba mwaka huohuo treni za chini zikaanza kukubali kadi ya benki yenyewe, kwa hiyo msafiri wa leo anaweza kupita na kadi ya benki ya Lubumbashi na asinunue chaza kabisa. Lakini kadi za zamani hazikutupwa. Zimelala kwenye droo kama yetu dunia nzima, na salio lililosahauliwa ndani yake linafikia mamia ya mamilioni ya pauni. Kwa maneno mengine, wageni tumeukopesha mji wa London, tena bila riba.

Dubai ilingoja metro yake. Ilifunguliwa tarehe 9 mwezi wa 9 mwaka 2009, na kadi yake ikaitwa nol. Hapa Mswahili anapaswa kusimama. Nol ni neno la Kiarabu lenye maana ya ujira wa kusafirishwa, na ndilo hilohilo lililotupa “nauli”. Waarabu nao walilirithi kwa Wayunani, waliokuwa wakiita hivyo malipo ya chombo cha baharini. Likapanda dau hadi pwani yetu. Kiswahili chenyewe kikaingia Katanga kwa misafara ya biashara, enzi za mfalme Msiri pale Bunkeya, kisha kikaenea kwenye kambi za wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière. Mjini kwetu leo wengi husema “transport”, na neno la baharini limebaki vitabuni na redioni. Kulikuta limeandikwa juu ya plastiki, Deira, ni kama kukutana na babu uwanja wa ndege.

Nol ya kawaida, ile ya rangi ya fedha, inauzwa dirham 25 na ndani yake mna dirham 19 za kusafiria. Nyingine sita ni bei ya plastiki. Kuna na ya dhahabu, ya behewa lenye viti vipana. Ukiingia humo na kadi ya rangi ya fedha unatozwa faini ya dirham 100, na kusema ulikuwa hujui hakusaidii.

Nacheka kidogo ninapowaona majirani zangu wa Golf huko. Hapa nyumbani hawajui hata teksi-basi ya kwenda Katuba inasimama wapi, kwa sababu geti likifunguliwa hutoka gari. Mlinzi na mpishi wao ndio wanaopanda, asubuhi na jioni. Lakini Dubai mwenye Prado husimama kwenye foleni na kadi mkononi, akisoma ramani ya vituo kama mwanafunzi, tena kwa furaha.

Majirani zetu wa Afrika Mashariki walijaribu. Kenya (nchi, wala si ile commune yetu yenye soko) iliamuru matatu ziache fedha taslimu kufikia Julai 2014. Tayari Google na benki ya Equity walikuwa wameleta kadi ya BebaPay mwaka uliotangulia, na kampuni nyingine zikaja na za kwao. Haikushika. Nauli ya matatu hupanda mvua inaponyesha na hushuka saa za mchana, na kondakta na dereva huishi kwa kile kinachozidi hesabu ya tajiri, siku hiyohiyo, mkononi. Kadi ilitaka wangoje. Machi 2015 BebaPay ikafungwa, katika nchi ileile iliyoufundisha ulimwengu kutuma fedha kwa simu tangu 2007.

Kigali ilianzia mwisho mwingine. Mwaka 2013 serikali iligawa mji kwa kampuni chache za mabasi zenye mikataba, na ndipo mwisho wa 2015 kampuni ya AC Group ikaleta Tap&Go. Kufikia wakati huo nauli ilikuwa imepangwa na kujulikana, na hapakuwa na kondakta wa kupatana naye. Mgeni anayeshuka Nyabugogo bila kadi humwomba abiria wa pembeni amgusie, kisha anamrudishia fedha zake mkononi. Nimeliona hilo, na nadhani ndilo jambo la kiungwana zaidi katika historia yote ya kadi hizi. Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016, foleni niliyoikuta ilikuwa ya tiketi za karatasi.

Na Lubumbashi? Receveur, yaani kondakta, bado ananing’inia mlangoni, noti zimekunjwa kwa urefu kati ya vidole. Chenji ikikosekana anawapa abiria watatu noti moja, mkaigawane mkishuka. Inafanya kazi, kwa makelele.

Nol ya mama mdogo haikudumu milele. Kadi hizo hupewa miaka mitano, na katika safari yangu ya pili ilikuwa imekwisha muda. Nikanunua nyingine, nikazunguka nayo wiki nzima, na nilipokuwa nikirudi ilikuwa imebaki na dirham 8. Nikaandika 8 mgongoni kwa kalamu ya wino, na mwaka wa kufa kwake pembeni, kisha nikaitia drooni. Mama mdogo akaitoa, akaisoma akiwa ameiweka mbali na macho.

“Ni dola ngapi?” akauliza.

“Mbili na kidogo.”

Akaifunga droo.