Udhibiti wa joto katika ekstruda ya PVC

Udhibiti wa joto katika ekstruda ya PVC ni kazi ya kupanga na kusimamia joto ndani ya mashine yenye skrubu mbili inayogeuza unga wa polivinili kloridi (kifupi: PVC) kuwa mabomba, fremu za madirisha na bidhaa nyingine ndefu. Kazi hii huhitaji uangalifu kwa sababu joto linalohitajika kuunda PVC liko karibu sana na joto linaloiharibu.

Tabia ya PVC

Karibu asilimia 57 ya uzito wa PVC ni klorini. PVC ngumu huanza kulainika kwenye takriban 80 °C, lakini ili chembe za unga zishikamane vizuri hupashwa joto hadi kati ya 170 °C na 200 °C. Katika joto hilo, PVC isiyo na kinga huanza kuvunjika na kutoa gesi ya hidrojeni kloridi. Gesi hiyo huharakisha uharibifu zaidi. Plastiki hubadilika rangi kuwa ya njano, kisha kahawia, na mwishoni nyeusi. Gesi yenyewe huwasha macho na mapafu, na ikikutana na unyevu huwa asidi inayokula chuma cha mashine.

Kwa hiyo unga huchanganywa na viimarishi. Zamani vingi vilikuwa vya risasi, ambayo ni sumu. Siku hizi vile vya kalisi na zinki vinatumika sana. Kiimarishi huisha kidogokidogo, hivyo muda ambao plastiki inakaa katika joto una uzito sawa na kiwango cha joto chenyewe.

Kwa nini skrubu mbili

Katika mashine ya skrubu moja, plastiki husonga mbele kwa kutegemea msuguano kwenye ukuta wa silinda. Katika mashine ya mabomba ya PVC, kwa kawaida skrubu mbili huingiliana na kuzunguka kwa kuelekeana kinyume. Unga hufungiwa katika vyumba vidogo kati ya meno ya skrubu na kusukumwa mbele kwa lazima. Hivyo msuguano hupungua, na plastiki yote hukaa ndani kwa muda unaokaribiana.

Kupanga joto

Silinda hugawanywa katika kanda. Kila kanda ina hita za umeme, njia ya kupoza, kihisi joto na kidhibiti chake. Mara nyingi skrubu nazo hupozwa kwa mafuta yanayozunguka ndani yake.

Joto hutoka katika vyanzo viwili: hita, na kazi ya skrubu zinapokanda plastiki. Mwanzoni unga ni baridi na unahitaji joto la hita. Mbele zaidi, mkandamizo huzalisha joto la kutosha. Ndiyo sababu kanda za kwanza mara nyingi huwekwa juu kuliko za mwisho. Kwa mfano, bomba la PVC ngumu linaweza kuanza na 185 °C, kisha 180 °C, 172 °C na 168 °C, halafu kupanda tena hadi karibu 190 °C kwenye kalibu inayolipa bomba umbo. Viwango hivi hutofautiana kulingana na mashine na mchanganyiko.

Katikati ya silinda huwa na tundu la kuvuta hewa na mvuke. Kabla ya kufika hapo, unga unapaswa kuwa umeshikamana kuzunguka skrubu. Usiposhikamana, huvutwa na kuziba njia.

Namba inayoonekana kwenye kidhibiti ni joto la chuma, si la plastiki. Kanda ikizidi kiwango kilichowekwa huku hita zake zimezima, joto la ziada linatokana na msuguano. Hapo huchunguzwa mfumo wa kupoza, kasi ya skrubu, kiasi cha unga kinachoingia na vilainishi vya mchanganyiko.

Kuwasha na kuzima

Kabla ya kuwasha, mashine huachwa ipate joto hadi ndani ya chuma, kwani kuzungusha skrubu penye plastiki baridi kunaweza kuzivunja. Mwanzo hufanywa kwa kasi ndogo na unga kidogo, huku mzigo wa mota ukifuatiliwa. Wakati wa kuzima, PVC haiachwi ndani ya silinda yenye joto. Husukumwa nje kwa mchanganyiko maalumu wa kusafishia. PVC haipaswi kamwe kukutana na plastiki ya asetali katika mashine yenye joto, kwa kuwa zote mbili huvunjika haraka na kutoa gesi hatari.

Kupima matokeo

Joto likizidi, bomba huonyesha michirizi ya rangi au alama za kuungua. Joto likipungua, kasoro ni ngumu kugundua: bomba linaweza kuonekana zuri, kumbe chembe zake hazikushikamana, nalo hupasuka baadaye likiwa limefukiwa na kubeba maji yenye shinikizo. Kwa sababu hiyo vipande hupimwa maabara. Kiwango cha kimataifa ISO 9852 hueleza kipimo ambacho kipande cha bomba huzamishwa katika kimiminika cha diklorometani. Sehemu zisizoshikamana vizuri hushambuliwa na kuonekana kwa macho.