Upepo Mkavu na Sheria za Moto California

Kila mwaka, hasa kuanzia Oktoba, upepo mkavu hushuka kutoka nyanda za bara kuelekea pwani ya California, ukizidi kupata joto kadiri unavyoshuka na kuufukuza ubaridi wa baharini. Watabiri hutoa tahadhari ya moto, na ni rahisi kuulaumu upepo kwa maafa yote. Historia inasema vingine. Wenyeji kama Wakaruk na Wayurok walichoma maeneo yao kwa mpango, wakipunguza majani makavu na kustawisha mialoni. Mwaka 1793 gavana Mhispania, José Joaquín de Arrillaga, alipiga marufuku uchomaji wa wenyeji. Sheria ya jimbo ya 1850 nayo ikauadhibu. Na mwaka 1935 Idara ya Misitu ya Marekani ikaagiza kila moto uzimwe kufikia saa 4 asubuhi ya siku inayofuata. Kuni zikalimbikizana msituni.

Yupo atakayepinga kwamba vichaka vya kusini, karibu na Los Angeles, huungua vikali hata bila mlimbikizo huo. Ni kweli, tena huharibika vikichomwa mara kwa mara. Lakini huko nako binadamu ndiye aliyejenga nyumba kwenye njia ya upepo, na nyaya zake za umeme zimewahi kuwasha moto. Upepo hatuwezi kuuzuia. Sheria tunaweza kuzirekebisha. Kwa hiyo sheria ya 2021, inayopunguza hofu ya wachomaji wa jadi kudaiwa gharama za kuzima moto, ni hatua ya haki iliyochelewa mno.